Bahasha za Bwana Polepole

Vijana wenzangu wa chumba cha vidonda, siku mliponiaga mlinipa kiti cha kukunja, mkasema sasa Mzee Mihayo apumzike. Nimekikalia siku nne. Siku ya tano nimeona kiti hakimfai mtu aliyesimama miaka thelathini, kwa hiyo nimehamia mezani na kuchukua daftari. Sitawaandikia nilipandishwa cheo lini wala nani alinipandisha. Hayo yamo katika faili, na faili zetu mnazijua, panya wamezisoma kuliko makarani. Nataka kuwapa habari ya mwaka mmoja tu, mwaka wa bahasha, kwa sababu mwaka ule nilifanya kosa ambalo nikilinyamazia nanyi mtalifanya, tena kwa nia njema kama mimi.

Kosa lenyewe lina mizizi katika siku yangu ya kwanza ya kazi, basi nianzie huko.

Nilifika hospitali nikitoka shule ya misheni, nimevaa viatu vya kuazima kwa binamu yangu, kimoja kinanibana na kingine kinanivuka. Aliyenipokea ni Mzee Feruzi, dresa mkuu, mkubwa wa wafunga vidonda, Mmanyema wa Kanyenye, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Hakuniuliza cheti. Alinipa kijiwe cha kunolea na sindano kumi na mbili. Nyinyi mmekuta sindano tele. Sisi tulikuwa na hizo kumi na mbili, na kila moja ilikwisha kuingia katika nusu ya matako ya Unyanyembe. Unainoa taratibu kwa mafuta kidogo, kisha unaipitisha kwenye pamba. Ikitoka na nyuzi, bado ina kimeno, rudia. Nilirudia mpaka adhuhuri. Mzee Feruzi akaja, akachukua moja, akajichoma nayo mkononi mwake mwenyewe, akasema, "Hii ya kuchomea mbuzi. Endelea."

Mchana akanichukua kumfunga mgonjwa mmoja kidonda cha mguu. Nilipofungua bendeji harufu ilinipiga, nikakunja uso. Mzee Feruzi hakusema kitu mbele ya mgonjwa. Alinivuta nje kwa sikio, mtu mzima mimi.

"Umekunja uso," akasema.

"Nisamehe, mzee. Ni harufu."

"Mgonjwa haangalii mikono yako, anaangalia uso wako. Akiona shaka pale, umemwua kabla kidonda hakijamwua. Shaka yako iache mlangoni na hivyo viatu vya watu."

Sijui alijuaje kwamba viatu si vyangu. Lakini kauli ile niliishika kama sala, na kwa miaka mingi ilinifaa. Nilikata, nilichoma, nilishona, na uso wangu ulikuwa mkavu kama ukuta. Mzee Feruzi alifariki wakati wa vita vya pili. Nikarithi kijiwe chake cha kunolea na meza yake, na nikadhani nimerithi hekima yote iliyokuwepo.

Miaka michache baada ya vita akaja daktari kijana wa Kizungu. Alishuka kwenye treni na masanduku mawili, moja la dawa na moja la bahasha. Watu walimpa jina la Bwana Polepole siku ile ile, kwa sababu kila jambo aliuliza mara mbili na kuandika mara mbili. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha kuagiza chai. Kinyamwezi hakuwa nacho hata kidogo. Kwa hiyo akanikabidhi mdomo wake, mimi niwe mkalimani.

Alikuja kwa ajili ya ugonjwa ule wa vinundu vyeusi vya miguuni. Vinaota kwenye unyayo na kisigino, vinapasuka, vinatoa maji, kisha vinapanda mguu. Daktari aliuita saratani. Wagonjwa waliuita kila mtu kwa jina la jirani anayemshuku. Tiba yetu ya zamani mnaijua: kuosha, kufunga, kukata kinundu kinachokatika, na mwisho wa yote kukata mguu. Sasa kulikuwa na dawa mpya ya sindano, kali sana, na wakubwa walitaka kujua kama inashinda tiba ya zamani.

Asubuhi moja alinieleza mpango kwa Kiingereza. Kila mgonjwa atakayekubali afunguliwe bahasha moja. Ndani kuna karatasi, ama imeandikwa dawa mpya, ama tiba ya zamani. Bahasha zimefungwa huko zilikotoka, na yeye mwenyewe hajui kilichomo.

Nikamwuliza, "Kwa nini usichague wewe, Bwana? Wewe ndiye daktari."

"Nikichagua mimi nitampa dawa mpya yule mwenye nguvu, au yule ninayempenda. Mwisho hatutajua kilichomponya ni dawa au ni nguvu zake."

Nikaona ni maneno ya akili. Kisha akasema, na naandika kama alivyosema: "Waambie wazi, Mihayo. Hatujui ipi ni bora. Dawa mpya huenda ikawadhuru. Na anayekataa atatibiwa kama kawaida, hakuna atakayemkasirikia."

Loh! Hapo ndipo niliposhikwa. Nendeni pande zote za Tabora, tafuteni mganga anayemwambia mgonjwa kwamba hajui. Mganga wetu hupiga ramli, hutaja ugonjwa, hutaja na aliyeuleta. Akisema hajui, watu hubeba mgonjwa wao na kuku wao, wanakwenda kwa mwingine. Na mimi nilikuwa na sauti ya Mzee Feruzi sikioni. Nilijiambia kwamba nikiwaambia wagonjwa daktari hajui, kesho benchi litakuwa tupu, na vinundu vile vitawamaliza huko vijijini kwao.

Kwa hiyo daktari alisema yake, na mimi nikasema yangu. Yeye anasema, "Hatujui," mimi nasema, "Daktari ameona kinachokufaa." Yeye anasema, "Unaweza kukataa," mimi nasema, "Ukubali, ni kwa faida yako." Na bahasha? Nilisema zimetoka kwa wakubwa, kila moja ina dawa ya mtu wake. Waliitikia kwa kichwa, wakaweka kidole gumba kwenye wino, wakakubali. Bwana Polepole alinishukuru kwa kazi nzuri. Sikulala vizuri, lakini nilidhani ni chakula.

Mgonjwa wa sita alikuwa mwanamke wa Itetemia, jina lake Kalunde. Mjane, mkulima, msimamizi wa waimbaji katika kanisa lake la Moravian, umri wake unakaribia wangu. Vinundu vyake vilikuwa vitano, vyote chini ya kifundo cha mguu wa kushoto. Bahasha yake ilipofunguliwa, karatasi ilisema tiba ya zamani. Aliitazama karatasi asiyoweza kuisoma, kisha akanitazama mimi.

"Daktari ameona nini kwangu?" akauliza kwa Kinyamwezi.

Bwana Polepole akanigeukia kutaka kujua ameuliza nini. Nikamwambia, "Anauliza aanze lini." Kisha nikamgeukia Kalunde na uso wangu mkavu ule ule. "Ameona wako ni mwepesi. Hauhitaji dawa kali."

Alivuta pumzi ndefu, akasema, "Basi nashukuru." Jamani, neno lile la shukrani linanichoma mpaka leo.

Mkifanya kazi na wagonjwa wa namna hii mtajifunza kwamba hofu ina sura nyingi. Kila Jumatatu ilitubidi tuchukue damu, kichupa kimoja kimoja, daktari aihesabu kwa darubini. Sokoni Kanyenye ikaenea kwamba hospitalini pana mumiani, wanakusanya damu za watu. Mwanamke mmoja alikuwa akifunga mkono wake kwa khanga baada ya kuchomwa, asije mtu akaona. Mfugaji mmoja wa Nzega aliyepata dawa mpya aliniambia kwamba hakukubali kwa sababu anaitaka. "Serikali ikikuita," akasema, "unaikatalia kwa mdomo gani?" Nilimsikia vizuri, na sikumfikishia daktari. Waliopata tiba ya zamani walijiona wametupwa. Waliopata mpya walitapika, nywele zikawapungua, wakawaonea wivu wale waliotupwa. Na wote walikuwa wakinisoma uso. Nilianza kuogopa Jumatatu kama mtoto anavyoogopa mwalimu.

Mtu mmoja tu hakuogopa kuuliza, naye ni Mzee Salehe, Mzaramo, mstaafu wa reli, mkaazi wa mtaa wa Ng'ambo tangu njia ya reli ilipokuwa ngeni. Mnajua Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na meno ya tembo na kulala vijijini kwao. Kwa hiyo mimi na yeye hatukuamkiana kama watu wengine. Yeye huanza, "Mpagazi wangu, mzigo wangu umeuweka wapi?" Mimi humjibu, "Mla nazi, bado hujafa? Nimekwisha kuchimba kaburi." Siku nyingine alinivua kofia mbele ya daktari akaivaa yeye, na sikuwa na haki ya kukasirika. Bwana Polepole alidhani tunagombana, akataka kutupatanisha. Nikamwambia, "Mwache, Bwana, huyu ni mtani wangu, ananipenda."

Mzee Salehe alikuwa kwenye dawa mpya. Mwezi wa kwanza alikonda mpaka shati likamcheza mwilini. Mwezi wa pili yule mfugaji wa Nzega akafariki. Alianza kwa homa, damu yake ikawa nyepesi, na siku ya nne akatutoka. Daktari alikaa na darubini yake siku nzima hakula. Mimi niliosha sindano zilizokuwa zimeoshwa tayari.

Jumatatu iliyofuata wote walikaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha vidonda, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Nilikuwa nimepiga magoti namfungua Mzee Salehe bendeji. Akaniinamia, na sauti yake haikuwa ya utani hata kidogo.

"Mpagazi wangu, dawa hii inaniponya au inanimaliza?"

Nikahisi kitu kimefunguka kifuani. Mnaelewa? Kwa watu wote nilikuwa nimefunga mdomo, lakini mtani huwezi kumkosea. Mtani unamwambia lolote. Nikacheka, nikasema kwa sauti kubwa ya utani, "Nani ajue, mla nazi wewe? Daktari mwenyewe hajui! Bahasha ndiyo iliyochagua, kama kura. Ungeokota nyingine ungekuwa pale na Kalunde, unaoshwa kwa maji ya chumvi tu!"

Mzee Salehe alicheka mpaka akakohoa. "Nilijua," akasema, akijipangusa macho. "Nilijua tu! Mimi bahati yangu ya kura tangu zamani ni kuangukia kwa Wanyamwezi." Wanaume wawili watatu wakacheka naye. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu bahasha ya kwanza.

Kisha nikainua macho. Kalunde alikuwa ananitazama. Kalunde si mtani wangu, ni Mnyamwezi mwenzangu, na yeye hakuwa na sababu ya kulipokea neno lile kama mzaha. Hakucheka wala hakukasirika. Aliutazama mguu wake, akavuta khanga akaufunika.

Kesho yake hakuja kufungwa bendeji, nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu. Na watu wengine wawili hawakuonekana.

Bwana Polepole akaniuliza, "Wamekwenda wapi?"

"Ni msimu wa palizi, Bwana. Watarudi."

Ulikuwa msimu wa palizi kweli, na kwa sababu hiyo uongo ule uliniuma zaidi. Wiki moja ikapita. Ya pili ikapita. Kila nikisikia gongo la mtu ukumbini nilitoka mbio kama mjinga. Nilijua vinundu vile havingoji palizi. Nilijua pia kwamba nikimwambia daktari ukweli nitafukuzwa kazi, na watoto wangu wanne wako shule. Mke wangu akaniuliza, "Baba Rehema, umerogwa?" Nikamjibu nimechoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha maradhi ya mtu mwingine.

Jumamosi ya pili nikapanda baiskeli kwenda Itetemia. Nilimkuta Kalunde uani, amekaa kwenye mkeka, anabambua karanga, mguu umenyooshwa mbele umefungwa kitambaa cha khanga. Harufu niliisikia kabla sijashuka. Sikukunja uso.

"Mwangaluka," nikasema.

"Mwangaluka. Karibu, dresa." Akamwita binti yake alete kigoda, akaleta na bakuli la matobolwa, viazi vile vya kuchemsha na kukausha. Kwetu hata mgeni aliyekukosea hula kwanza. Nilimeza viazi vitatu kama nameza mawe. Alipoona nimemaliza ndipo aliposema.

"Uliyomwambia yule mla nazi ni kweli?"

"Ni kweli."

"Daktari hajui."

"Hajui."

"Na mimi ukaniambia wangu ni mwepesi. Nani alisema mwepesi? Daktari?"

"Hapana. Ni mimi."

Akaacha kubambua karanga. "Hee! Ukweli unampa mtani, ndugu yako wa kabila moja unampa maneno ya kubembelezea mtoto. Ulidhani nitafanya nini, Mihayo? Nitakufa palepale kwenye benchi?"

"Nilidhani utakimbia."

"Na sasa niko wapi?"

Akaendelea. "Mimi mguu wangu naujua. Nikichota maji nasikia unavuta. Nikiimba kanisani nikisimama kidogo, unawaka. Halafu nasema, dresa amesema ni mwepesi, basi mimi ni mwoga tu, najidekeza. Nimejitukana mwezi mzima kwa ajili yako. Hofu niliyokuwa nayo haikuwa ya saratani. Nilidhani naanza kupoteza akili."

Nikamwambia, "Nisamehe, Kalunde."

"Babu yangu alikuwa mpagazi, na wako pia. Hata mpagazi huunyanyua mzigo kwanza, aujue uzito, ndipo akubali safari. Wewe umenitwika nimefumba macho." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Nitarudi. Lakini nataka nimsikie mwenyewe. Sitaki mdomo wako katikati."

"Hajui Kinyamwezi."

"Mimi najua Kiswahili. Na neno ninalolitaka ni moja tu, hata Mzungu analijua."

Alikuja Jumatatu, binti yake akimshika mkono. Benchi lilikuwa limejaa. Bwana Polepole alifurahi kumwona, akamsogezea kiti, akaanza kuniambia kwa Kiingereza nimwulize palizi imekwendaje. Kalunde akainua mkono.

"Bwana Daktari," akasema kwa Kiswahili, neno moja moja, mbele ya watu wote. "Ile dawa mpya na hii ya zamani. Ipi ni nzuri? Wewe unajua?"

Nilisimama na bakuli la bendeji mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke. Daktari alimtazama, akanitazama mimi kana kwamba anashangaa kwa nini anaulizwa jambo alilokwisha kulijibu tangu siku ya kwanza. Kisha akajibu mwenyewe, bila mimi.

"Sijui, mama," akasema. "Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Nilisubiri wainuke. Mzee Salehe peke yake alinong'ona, "Si nilisema?" Kalunde aliitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili tatu, akakaa kwenye kiti, akafungua kitambaa mwenyewe na kuutoa mguu. "Haya," akasema. "Sasa tazama."

Daktari hakutazama mguu kwanza. Alinigeukia. Si mtu wa kupiga kelele, na siku ile pia hakupiga. Aliuliza tu, "Mihayo, ulikuwa unawaambia nini?"

Nikamwambia yote palepale, kwa Kiingereza changu cha misheni, huku machozi yananitoka kama mtoto. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Utawaambia upya. Mmoja mmoja. Mimi nitasimama hapa." Afadhali angenifukuza.

Nilianza na mtu wa kwanza kwenye benchi, nikamaliza na wa mwisho, na ilichukua siku mbili. Nisikilizeni vizuri sasa, maana hiki ndicho nilichotaka kuwaambia tangu mwanzo. Niliogopa watakimbia wote. Waliotoka ni watatu, na mmoja wao alirudi. Mzee mmoja alinitukana matusi ambayo sitayaandika hapa, kisha akasema atabaki. Mwanamke yule wa kufunga mkono kwa khanga aliuliza kama damu yake inaweza kumwagwa mbele yake baada ya kuhesabiwa. Daktari akakubali, na tangu siku ile hakufunga tena mkono. Kijana mmoja akasema, "Kama hakuna anayejua, basi sikutupwa?" Nikamwambia, "Hukutupwa." Akalia kwa furaha, na vinundu vyake viko palepale. Na wengine waliogopa zaidi kuliko mwanzo, sitawadanganya. Ila sasa waliogopa kwa sauti, wakaulizana, wakashikana mikono, na daktari naye aliogopa pamoja nao, nikamwona.

Mguu wa Kalunde ulikuwa umeharibika katika zile wiki mbili. Vinundu vilikuwa vimevuka kifundo, na chini yake nyama imeoza. Daktari alimwambia mwenyewe, na mimi nikafasiri neno kwa neno, hata yale niliyotamani kuyaruka. Kuna kukata chini ya goti, huenda ukapona. Kuna kutokukata, na kwa hilo alikuwa na hakika, ni kifo. Kalunde aliomba siku tatu. Alikwenda kanisani kwake, akaimba akiwa amekaa, akarudi siku ya tatu asubuhi kabla hatujafungua mlango. "Kateni," akasema. "Nimeupima." Mimi nilimshika mkono mpaka dawa ya usingizi ilipomchukua.

Mzee Salehe vinundu vyake vilisinyaa. Alirudi Ng'ambo kwa miguu yake miwili, na kofia yangu kichwani, ambayo sikuipata tena. Wengine wa dawa mpya hawakupona. Wengine wa tiba ya zamani walipona. Baada ya mwaka Bwana Polepole alihamishwa, akaondoka kwa treni na sanduku lake la makaratasi. Aliniahidi ataandika matokeo yakijulikana. Labda aliandika, barua ikapotea njiani. Labda hayakujulikana. Wagonjwa walikuwa wakiniuliza, "Dresa, lile swali letu lilijibiwa?" Waliliita swali letu. Nimestaafu bila kuwajibu, na nyinyi mkimpata daktari mwingine mwenye bahasha, mwambieni kabla hajafungua ya kwanza kwamba watu watangoja jibu.

Kalunde alikuja kwangu kufungwa kigutu chake kila baada ya wiki, kisha kila mwezi, kwa sababu gongo lilikuwa likimchubua kwapani na kigutu kilipasuka wakati wa kiangazi. Tulizoea kuzungumza habari za mashamba na kwaya yake. Siku moja, miaka imepita, Mzee Salehe alipita ukumbini akitembea, akanitukania ukoo mzima kama kawaida, akaenda zake. Kalunde alimsindikiza kwa macho mpaka alipopinda kona. Kisha akasema bila kunitazama:

"Mihayo. Bahasha yangu ingekuwa ile nyingine, mguu ningekuwa nao? Au kama usingenidanganya, nisingekimbia, ningekuwa nao?"

Nilikuwa nimeshika pamba. Nilijua anachotaka nikiseme, na nilijua maneno kumi matamu ya kumwambia. Uso wangu wa Mzee Feruzi ulianza kujipanga wenyewe.

"Sijui, Kalunde," nikasema. "Naogopa kwamba ungekuwa nao. Lakini sijui."

Kisha akanisogezea kigutu, akakiweka magotini pangu.

"Haya," akasema. "Funga. Na leo usikaze sana."